Maisha Yaliyoandikwa Mara Tatu: Kuzisoma Tawasifu za Frederick Douglass

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wote, asanteni kwa kunikaribisha.

Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani, akatoroka na kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, aliandika habari za maisha yake mara tatu. Kitabu cha kwanza, Narrative of the Life of Frederick Douglass, kilitoka Boston mwaka 1845. Alikuwa na umri wa miaka 27, na kwa sheria za Marekani bado alikuwa mali ya mtu. Cha pili, My Bondage and My Freedom, kilitoka 1855, wakati huo yeye ni mhariri wa gazeti lake mwenyewe. Cha tatu, Life and Times of Frederick Douglass, kilitoka 1881, utumwa ukiwa umeshafutwa, naye akakiongezea tena mwaka 1892, miaka mitatu kabla hajafa. Wengi wetu tunakijua cha kwanza tu, kwa sababu ni kifupi na ndicho kinachofundishwa. Naomba tuvisome vyote vitatu sambamba, tukiangalia kila mara alichokisema, alichokinyamazia, na aliyekuwa na haja ya kukisikia.

Kwanza tujiulize kwa nini mtu aliyetoroka utumwani akubali kuchapisha jina lake la kweli. Tangu mwaka 1841 Douglass alikuwa akihutubia mikutano ya wapinga utumwa wa Massachusetts. Alizungumza vizuri mno, na hilo likawa tatizo. Wasikilizaji walianza kunong'ona kwamba mtu huyu hajapata kuwa mtumwa, hana lafudhi ya shambani wala haogopi kama mtumwa. Kwenye kitabu cha pili anatueleza ushauri aliopewa na wenzake Wazungu: wewe simulia mambo yaliyokupata, falsafa tuachie sisi, tena afadhali ubakize kidogo lugha ya shambani, watu wasikuone msomi kupita kiasi. Walikuwa marafiki zake, na walimtakia mema. Ila walimtaka awe ushahidi. Kufikiri wangefikiri wao.

Kitabu cha 1845 kilikuwa jibu lake. Akawataja mabwana wake kwa majina: Kapteni Anthony, Thomas Auld, Hugh Auld. Akataja shamba la Kanali Edward Lloyd, akataja wilaya ya Talbot katika jimbo la Maryland, akataja wanyapara waliopiga na walioua. Yeyote aliyetaka kuhakikisha angeweza kwenda kuuliza, na yeyote aliyetaka kumkamata alipata anwani. Miezi michache baadaye ilimbidi apande meli kwenda Ireland na Uingereza. Huko ndiko marafiki walikochanga fedha, na mwishoni mwa 1846 wakamnunulia uhuru wake kwa pauni 150.

Jina la kitabu lilimalizikia na maneno haya: kimeandikwa na yeye mwenyewe. Lakini ukikifungua, hukutani na yeye mwenyewe. Unakutana kwanza na dibaji ya William Lloyd Garrison, kisha barua ya Wendell Phillips, Wazungu wawili viongozi wa wapinga utumwa, wanaoapa kwamba huyu mtu ni mkweli. Kwenye kitabu cha 1855 dibaji ya Garrison haipo, kwani walikuwa wameshatengana. Utangulizi umeandikwa na James McCune Smith, daktari Mweusi aliyesomea udaktari Glasgow. Msomaji asiziruke kurasa hizo.

Mwaka ule ule wa 1845, Mzungu mmoja aliyewahi kuishi Maryland, A. C. C. Thompson, aliandika gazetini kuwa kitabu ni uongo mtupu. Alisema alimfahamu mtumwa aliyeitwa Frederick Bailey, mtu wa kawaida asiye na elimu, asiyeweza kuandika kitabu kama hicho. Douglass alimjibu kwa shukrani. Bailey lilikuwa ndilo jina lake la kuzaliwa, na adui alikuwa ameshuhudia mbele ya dunia nzima kwamba alikuwa mtumwa kweli, mahali pale pale, kwa watu wale wale.

Sasa tuje kwa mama yake, Harriet Bailey. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Mwaka 1845 Douglass anasema alimwona mama yake mara nne au tano tu maishani, na kila mara ilikuwa usiku. Mama alikuwa amekodishwa kwenye shamba lililokuwa umbali wa maili 12. Alitembea kwa miguu baada ya kazi, akalala kando ya mwanawe, kisha akaondoka kabla ya alfajiri, maana asipokuwepo shambani jua likichomoza alingojewa na mjeledi. Alipofariki, mwana anasema, aliipokea habari karibu kama ya kifo cha mtu asiyemjua. Sentensi hiyo inaumiza, na nadhani ndivyo alivyokusudia. Alitaka msomaji aone kwamba utumwa ulikuwa unafika hata mahali pale ambapo mtoto humlilia mama yake.

Miaka kumi baadaye anamleta tena mama yule yule, na safari hii tunamwona uso. Mtoto amenyimwa chakula kutwa nzima na Aunt Katy, mpishi wa nyumba. Mama anaingia usiku, anaambiwa, anamgeukia Katy kwa ghadhabu na kumpa maneno ambayo hatayasahau. Kisha anampa mwanawe keki ya tangawizi yenye umbo la moyo, anampakata. Douglass anaandika kwamba usiku ule alijifunza kuwa hakuwa mtoto tu, alikuwa mtoto wa mtu. Asubuhi alipoamka, mama alikuwa ameshaondoka, na hakumbuki kumwona tena. Anaongeza jambo ambalo mwaka 1845 halikuwemo: baada ya kifo chake alikuja kujua kwamba mama yake aliweza kusoma, yeye peke yake kati ya Weusi wote wa Tuckahoe, eneo la Maryland alikozaliwa Douglass. Walikuwepo waliosema akili yake ilitoka kwa baba Mzungu. Anawajibu waziwazi kwamba kupenda kwake maandishi amekurithi kwa mama yake Mweusi, aliyekosa mlinzi na aliyekosa shule.

Je, alidanganya mwaka 1845? Sioni hivyo. Mara ya kwanza alikuwa anaushtaki utumwa, na mashtaka yalihitaji pengo lionekane. Mara ya pili alikuwa baba mwenye watoto, tena mtu aliyekwisha kuchoka kuwa ushahidi wa kesi ya wengine, na alitaka ukoo wake uandikwe.

Jambo alilolinyamazia kwa muda mrefu zaidi ni namna alivyotoroka. Vitabu viwili vya kwanza vinakataa kuisema. Anaeleza sababu: wapo watakaoadhibiwa, na njia itazibwa kwa wanaofuata. Aliwalaumu hata wapinga utumwa waliotangaza njia za kutorosha watu kwa kujivuna. Kuhusu Henry Box Brown, aliyesafirishwa ndani ya sanduku mwaka 1849, alisema laiti mbinu hiyo isingetangazwa, wangetoka watu elfu kila mwaka kwa njia ile. Msomaji alitamani kisa cha kusisimua, naye akamnyima.

Ni katika kitabu cha 1881 ndipo tunapopata habari kamili. Tarehe 3 Septemba 1838, Douglass, aliyekuwa fundi wa kutia meli kalafati huko Baltimore, alivaa shati jekundu na kofia ya kibaharia, akarukia treni ilipoanza kuondoka ili asikaguliwe kwenye dirisha la tiketi. Mfukoni alikuwa na hati ya baharia aliyoazimwa na rafiki, hati inayomweleza mtu mweusi zaidi yake. Kondakta alipouliza karatasi za uhuru, alijibu kwamba hana kawaida ya kwenda nazo baharini, ila anayo karatasi yenye tai wa Marekani juu yake. Kondakta aliutazama ule mchoro, hakusoma maelezo. Ndani ya saa 24 alikuwa New York.

Kitabu hicho cha tatu hakikuuzwa vizuri, na kweli kina sehemu ndefu za vyeo na sherehe zinazochosha. Lakini kina ukurasa wa mwaka 1877, Douglass anaporudi mji wa St. Michaels, Maryland, kumwona bwana wake wa zamani, Thomas Auld, akiwa mgonjwa kitandani, mikono ikitetemeka. Mzee anamwita kwa cheo chake cha serikali. Yeye anasema amwite Frederick kama zamani. Anamwambia kwamba hakumkimbia yeye, aliukimbia utumwa. Wakazungumzia pia habari ya bibi yake Douglass, Betsey, ambaye Douglass aliandika kuwa alitupwa kibandani msituni afe peke yake. Ukweli ni kwamba Auld alikuwa amemchukua na kumtunza. Douglass alikwisha kulisahihisha hilo gazetini mwake mwaka 1849, na kitabuni amelikiri tena. Sijui waandishi wengi wenye uchungu kama wake ambao wangefanya hivyo kwa faida ya aliyekuwa bwana wao.

Kuna kimya kimoja, hata hivyo, ambacho siwezi kukitetea. Anna Murray, mwanamke huru wa Baltimore, alitoa akiba yake ya kazi za nyumbani ili Frederick aondoke. Akamfuata New York, wakaoana siku 12 baada ya kutoroka, na ndoa yao ikadumu hadi Anna alipofariki mwaka 1882. Kitabu cha kwanza kimenakili cheti chao cha ndoa, halafu Anna anakaribia kupotea. Hata mwaka 1881, hatari ikiwa imekwisha, nafasi yake ni ndogo mno. Aliyelijaza pengo hilo ni binti yao, Rosetta, katika hotuba ya mwaka 1900. Anataja godoro la manyoya, mito, mashuka, vyombo, visu na vijiko ambavyo mama yake alibeba kwenda kuanzisha nyumba yao New Bedford, Massachusetts. Anawaambia wasikilizaji kwamba kisa cha Frederick Douglass wote wanakijua, na kwamba kiliwezekana kwa uaminifu wa Anna Murray. Hotuba hiyo ilichapishwa, ni fupi, na ningeomba walimu mliopo muwape wanafunzi wenu waisome pamoja na vitabu hivi vitatu.

Asanteni. Sasa nakaribisha maswali.