Kutengeneza wahusika wa kampeni mliyoibuni wenyewe

Karibuni. Katika video hii tunatengeneza wahusika wa kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kwa vikao vingi, katika mchezo wa uhusika wa mezani, ule ambao mtu mmoja anasimulia dunia na wenzake wanaishi ndani yake kwa maneno na dadu. Dunia hatuichukui dukani. Ni ya kwetu, tumeibuni. Kanuni ndizo tunazoazima, na tunatumia za Dungeons & Dragons toleo la 5. Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974, na Januari 2023 kanuni za msingi za toleo hili zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons. Unazipakua bure, unazitafsiri, unazibadilisha upendavyo, mradi utaje zilikotoka.

Mezani weka vitu hivi. Karatasi moja ya A4 kwa kila mchezaji. Penseli na kifutio. Kalamu ya wino iweke kando, maana namba zitabadilika. Seti ya dadu 7, zenye pande 4 hadi 20, kama unayo. Kama huna, dadu za Ludo zinatosha kwa pande 6, na kwa pande 20 kata vikaratasi 20, viandike 1 hadi 20, vitie kwenye mfuko. Kila ukichota kimoja, kirudishe kabla mwenzako hajachota, la sivyo mahesabu yote yanapinda. Wachezaji wawe 3 hadi 5, pamoja na msimulizi. Tengeni muda wa saa tatu. Mkijaribu kubana kazi hii katika nusu saa kabla ya kucheza, mtaishia na namba nzuri zisizo na mtu nyuma yake.

Sasa tazama karatasi. Ilaze, ikunje katikati, ifungue. Upande wa kushoto ni wa watu. Upande wa kulia ni wa namba. Kushoto kunajazwa kwanza, na hili ndilo jambo ambalo meza nyingi zinalikosea.

Kabla ya kushika penseli, msimulizi asome ukurasa wake wa dunia. Nimesema ukurasa, mmoja, maneno kama 300. Msimulizi akileta kurasa 20 hazitasomwa, na wachezaji watatengeneza watu wa dunia nyingine. Ukurasa huo ujibu maswali machache: tuko wapi, nani anatawala, watu wanaishi kwa kazi gani, kitu gani hakipo kabisa, na kuna tatizo gani ambalo kila mtu mjini analijua.

Mfano wetu ni bandari ya kubuni, tuiite Tangakuu. Vyombo ni mitepe, mashua ambazo mbao zake zinashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Bunduki hakuna. Mwaka unakwenda kwa pepo mbili kama ulivyokwenda katika biashara ya pwani yetu: kaskazi inaleta wageni kuanzia kama Desemba, kusi inawarudisha kwao kuanzia kama Aprili. Tatizo linalojulikana: visima vya mji vinageuka chumvi, kimoja baada ya kingine.

Hapo hapo, kabla hamjaenda mbali, semeni wazi ni mambo gani hayataingia mezani. Dunia inayofanana na pwani ya zamani inagusa dini, majini na utumwa. Kila mchezaji aandike kwenye kikaratasi bila jina jambo asilotaka kulikuta, msimulizi avisome, na liandikwalo liondoke bila mjadala. Dakika tano tu. Mkiliruka, siku moja mtu atanyamaza katikati ya mchezo na hamtajua kwa nini.

Haya, upande wa kushoto. Kila mchezaji aandike sentensi moja yenye kazi, jambo lililotokea, na kitu ambacho hakijaisha. Sikiliza: "Mwanajuma ni mshona mitepe; mtepe alioushona ulizama na shehena ya tajiri, na mpaka leo hajui kama kosa lilikuwa la kamba zake." Kazi ipo. Tukio lipo. Jeraha bado liko wazi. Linganisha na hii: "Yeye ni mpiganaji hodari asiyeogopa chochote." Hapo msimulizi hana pa kushika, kwa sababu mtu asiyeogopa chochote hana pa kuguswa.

Chini ya sentensi hiyo andika neno DENI, kwa herufi kubwa. Hapa tukae kidogo, maana ndipo mhusika anapofungwa na dunia. Kila mhusika lazima adaiwe kitu na mtu fulani. Linaweza kuwa deni la fedha. Linaweza kuwa la uhai: mtu alikutoa majini ukiwa unazama. Linaweza kuwa la siri aliyokutunzia, au la ahadi uliyompa mtu akiwa kitandani mgonjwa. Masharti ni matatu. Mdai awe hai. Awe anaishi mjini, mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu. Na deni liwe na siku yake. Mwanajuma anadaiwa na tajiri mwenye shehena, na tajiri huyo anaondoka na kusi. Pepo zikigeuka kabla hajalipwa, atamchukua mdogo wake Mwanajuma kama rehani. Hebu ona: kalenda ya dunia imeingia ndani ya mtu mmoja, na msimulizi hakuhitaji kubuni mwovu yeyote.

Kosa la hapa ni yatima. Mchezaji anaandika kwamba wazazi waliuawa, kijiji kikachomwa, hana ndugu wala rafiki. Anadhani ameongeza uzito. Kwa kweli amefuta kila mtu ambaye msimulizi angemtumia. Ukiliona hilo, usimkatalie; mwombe abakize mmoja. Shangazi tu anatosha.

Kosa la pili ni mpweke. Wachezaji wanne wanakuja na watu wanne wasiomwamini yeyote, na kikao cha kwanza kinapotea wakitafuta sababu ya kutembea pamoja. Dawa yake ni hii: kila mtu amgeukie aliye kulia kwake, wakubaliane jambo moja waliloshirikiana zamani, kisha waandike wote wawili. Mkizunguka meza nzima, kila mhusika amefungwa na wenzake wawili. Maneno yawe ya tendo. "Tunafahamiana" haitoshi. "Alinificha ghalani kwake siku tatu" inatosha.

Jina nalo liandikwe hapa. Herufi za mwanzo zitofautiane. Musa, Mosi na Muhsini mezani pamoja watachanganywa jioni nzima.

Sasa geuka upande wa kulia. Sifa ni sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima, Haiba. Njia ya kurusha ni dadu 4 za pande 6, unaondoa ndogo kabisa, unajumlisha tatu zilizobaki, mara sita. Inasisimua, lakini kwa kampeni mliyoibuni siishauri. Mmoja anapata 17, 16 na 15, jirani yake kubwa yake ni 11, na tofauti hiyo mtaibeba miezi. Tumieni namba sita zilizopangwa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Anayetaka uhuru zaidi anunue kwa alama 27: sifa zote zinaanza 8, kila hatua hadi 13 ni alama 1, 14 inagharimu alama 7 kwa jumla, 15 inagharimu 9.

Katika kanuni za msingi, nyongeza za sifa zinatokana na jamii ya mhusika, yaani aina ya kiumbe alicho. Kwa kuwa jamii za Tangakuu tumezibuni, kila mchezaji achague mwenyewe: 2 kwa sifa moja, 1 kwa nyingine. Simamisha video hapa kama unahitaji, kwa sababu hii hesabu inawaponyoka wengi. Kinachotumika mchezoni ni kiongezi. Chukua sifa, toa 10, gawa kwa 2, shusha kwenye namba nzima. 14 ni +2. 15 nayo ni +2. Ukitia 2 kwenye 15 unapata 17, ambayo ni +3, na ile 1 kwenye 14 inaleta 15, inabaki +2 vilevile. Hiyo 1 imepotea. Geuza: 1 kwenye 15, 2 kwenye 14. Zote zinakuwa 16, zote +3.

Mwanajuma tunampa fani, yaani aina ya mhusika katika kanuni, ya mjanja. Wepesi 16, kwa vidole vya kushona. Haiba 16, maana amekwepa wadai kwa ulimi. Ustahimilivu 13, Akili 12, Hekima 10, Nguvu 8. Hiyo 8 usiifiche, ipe sababu: bega lilivunjika siku mtepe unashushwa majini. Uhai, yaani majeraha anayoweza kubeba, kwa leveli ya 1, hatua ya kuanzia, ni upande mkubwa wa dadu ya fani pamoja na kiongezi cha Ustahimilivu. Mjanja anatumia dadu ya pande 8, kwa hiyo 8 na 1 ni 9. Kinga, namba ambayo adui lazima aifikie ili ampige: vazi la ngozi ni 11, ongeza 3 za Wepesi, 14. Umahiri, nyongeza ya mambo aliyosomea, leveli ya 1 ni +2 kwa kila mtu. Basi kwa kisu, au ujuzi wa Wepesi aliousomea, anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 5. Jumla lazima ifikie namba ya ugumu; kwa jambo la ugumu wa wastani, ambalo ni 15, dadu inahitaji kutoa 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20. Akijaribu jambo hilohilo kwa Nguvu anahitaji 16 au zaidi, nafasi 5 kati ya 20. Mchezaji akiziona namba hizi mbili pamoja, anaanza kufikiri kama Mwanajuma.

Tumefika kwenye vitu vya kubuni: jamii mpya, uwezo mpya. Anzeni kwa kubadili sura na kuacha namba. Mnataka watu wa matumbawe? Chukueni jamii iliyopo kwenye kanuni, wapeni jina na desturi zenu, msiguse hesabu. Kwa fani, neno mchawi liacheni. Kwa Mswahili mchawi ni mtu wa kudhuru usiku, na mchezaji atamwigiza hivyo hata kama hamkukusudia. Anayepata uwezo kwa kusoma vitabu mwiteni mnajimu. Anayeomba na kujibiwa mwiteni mganga.

Mkitaka uwezo mpya kabisa, mkiuweka leveli ya 1 uwe wa mara moja kwa kila mapumziko marefu, yaani usingizi wa usiku mmoja, na uandikwe kwa penseli ukijaribiwa vikao vitatu. Jihadharini hasa na kuruka. Mtu wa jamii ya majini anayeruka tangu siku ya kwanza anafuta kuta, mito, magereza na nusu ya bahari. Katika kanuni za msingi mnajimu anapata uwezo wa kuruka akifika leveli ya 5. Na nyinyi ngojeni hapo. Kwa sasa mpeni jini wenu kuelea urefu wa mtu mmoja, kwa pumzi moja. Atafurahi nao, na kuta zenu zitabaki na kazi.

Mwisho, kila mchezaji asome upande wa kushoto kwa sauti. Namba zisisomwe. Msimulizi anaandika kadi ndogo kwa kila mhusika: jina, kinga, na utambuzi wa kimya, kile anachokiona bila kurusha dadu, yaani 10 pamoja na kiongezi cha Hekima, na 2 za umahiri kama ameusomea. Chini yake jina la mdai na siku ya deni.

Kisha msimulizi azichanganye kadi hizo, achote moja, na kikao cha kwanza kianzie hapo: asubuhi, gatini, kaskazi inavuma, na mdai wa mhusika huyo anashuka ngazi za mawe akimwita kwa jina.