Akiba Iwekwe Panapouma: Mtandao wa Ofisi kwa Bajeti Finyu

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie mtandao wa ofisi wenye akiba, yaani ambao kifaa kimoja kikifa kingine kinashika na kazi haisimami, na mwandaaji akanisisitizia kwamba bajeti ni finyu. Basi nianze na pesa. Mafundi wengi tunaanza kwa kuchora, tunachora vizuri kabisa, halafu mhasibu anafyeka nusu ya mchoro bila kujua amefyeka nini. Afadhali tufyeke wenyewe.

Chukueni ofisi ya ghorofa tatu, watu 30 kila ghorofa. Mchoro wa vitabuni una ngazi tatu: juu kitovu, katikati usambazaji, chini swichi ambazo watumiaji wanachomeka kompyuta zao. Vya juu na vya kati vyote viwiliviwili. Huo ni mchoro wa chuo chenye majengo mengi. Kwa watu 90, ngazi ya juu na ya kati zifanyeni moja: swichi mbili imara zinazoweza pia kufanya kazi ya ruta, yaani kupitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, tuziite A na B, kisha swichi moja ya poti 48 kila ghorofa. Kila swichi ya ghorofa inapanda kwa laini mbili, moja hadi A na nyingine hadi B.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, swichi ya ghorofa ni moja, na ikifa watu 30 wamekatika. Lakini kompyuta ya mtumiaji ina tundu moja la waya. Hata ukiweka swichi mbili ghorofani, waya wake unaingia katika moja tu, na hiyo ikifa, jirani yake anaendelea na kazi huku yeye anakutazama. Kwa hiyo akiba ya ghorofa iwekeni rafuni: swichi ya sita, ya aina ileile, imo ndani ya boksi lake, na nakala za mipangilio ya zile tatu ziko mahali panapofikika hata mtandao ukiwa chini. (Nimemwona fundi aliyetunza nakala zake kwenye seva iliyokuwa nyuma ya swichi iliyokufa. Alicheka, lakini baadaye sana.) Swichi moja rafuni inazilinda tatu. Kitovu hakiwezi kusubiri boksi lifunguliwe, maana kikianguka kinaanguka na watu wote 90, seva, na intaneti.

Hesabu yake ni hii. Kifaa kinachopatikana asilimia 99 ya muda kinakosekana karibu saa 88 kwa mwaka. Viwili vya namna hiyo, kimoja kikimshikia mwenzake, vinakosekana pamoja kwa dakika kama 53 tu. Ila hesabu hiyo ina sharti ambalo wauzaji hawalitaji: kila kimoja kife kwa sababu yake. Swichi mbili kwenye UPS moja, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, hufa kifo kimoja. Niliwahi kujivunia laini mbili za faiba nilizopandisha ghorofani, mpaka fundi mwingine alipotoboa ukuta akafunge kiyoyozi. Laini zote mbili zilikuwa ndani ya bomba moja. Nilikuwa nimenunua akiba, kisha nikaifunga pamoja na kile ilichopaswa kukiokoa. Tangu hapo, kabla ya kununua kifaa cha pili nauliza: umeme wake unatoka wapi, na waya wake unapita wapi? Mara nyingi majibu hayo hayagharimu kitu zaidi ya kutembea na tochi. Intaneti ni vivyo hivyo: kampuni mbili zinazoingia jengoni kwa nguzo moja ni laini moja yenye ankara mbili. Ruta inayotumia mtandao wa simu za mkononi, hata ya kasi ndogo, itawafaa zaidi kama njia ya pili.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoangusha wengi. Ukishaweka njia mbili, umetengeneza mzunguko. Pakiti ya IP, kile kifurushi cha data kinachovuka kutoka mtandao hadi mtandao, ina kihesabu. Kila ruta inapunguza moja, kikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet, kifurushi kinachopita kati ya swichi na swichi, haina kitu hicho. Fremu ya matangazo, ile inayotumwa kwa vifaa vyote, ikiingia kwenye mzunguko inazunguka na kuzaana mpaka swichi zinazidiwa. Dawa aliibuni Radia Perlman mwaka 1985, alipokuwa kampuni ya Digital Equipment: swichi zinachagua mkuu wao, zinajenga mti kutoka kwake, na laini inayofunga mzunguko inazibwa, ikingoja zamu yake.

Ofisi moja niliyoitwa ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Taa za swichi zote zilikuwa zikimeta kwa pamoja, haraka haraka. Ukiziona hivyo mara moja hutazisahau. Tulichomoa laini za ghorofa moja moja mpaka tukaikuta ghorofa yenye ugonjwa, kisha poti kwa poti, tukaishia chini ya meza. Mtu alikuwa amehamisha simu ya mezani, akaona ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka kwenye soketi ya pili ukutani, na mzunguko ukafungika. Nia njema kabisa. Swichi ingeuziba mzunguko ule yenyewe, lakini fundi aliyetangulia alikuwa ameizima itifaki ya mti. Sababu? Kompyuta zilikuwa zikikaa nusu dakika bila anwani kila zinapowashwa. Na ni kweli, mti wa zamani unakawiza poti sekunde 15 mara mbili kabla ya kuifungua. Lakini tiba yake ni kuitangazia swichi kwamba poti hii ni ya mtumiaji, ifunguke papo hapo, na ijifunge ikiona kuna swichi upande wa pili.

Kwa hiyo tumieni mti wa kasi, ule wa mwaka 2001. Mkuu mteueni wenyewe: A ipeni kipaumbele 4096, B 8192; namba ndogo ndiyo inayoshinda. Mkiacha 32768 kila mahali, mshindi ni mwenye anwani ya MAC, ile namba ya kiwandani ya kila kifaa, ndogo kuliko wote, na mara nyingi huyo ni kile kiswichi kikuukuu mlichokuwa mnapanga kukitupa. Na laini iliyozibwa isiwaume roho. Kuna namna za kuzitumia zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa watu 30 sioni haja.

Juu ya hapo, kompyuta zinahitaji mlango mmoja wa kutokea, hata kama walinda mlango ni wawili. Itifaki iitwayo VRRP inafanya hivyo: A na B wanashika anwani moja, A anatangaza kila sekunde kwamba yu hai, na akinyamaza kwa sekunde kama tatu B anashika usukani. Hakikisheni A ndiye mkuu wa mti na ndiye mlinda mlango, la sivyo trafiki itapanda kwa A ivuke hadi B bila sababu.

Kisha, jioni moja watu wakishaondoka, chomoeni waya wa umeme wa A. Msiizime kwa amri, chomoeni, muone kama B anashika kweli.

Swali? ... Pesa inatosha kitovu kimoja tu. Basi nunua kimoja, lakini laini za kwenda B zivute sasa hivi, wakati kuta ziko wazi na mafundi wako juu ya ngazi, kwa njia nyingine tofauti na zile za A. Swichi utainunua mwakani na kuifunga kwa saa moja. Lakini ukuta ukishazibwa, hutafunguliwa tena kwa ajili ya kebo. Ziandike lebo ncha zote mbili, zikunje kabatini, na usimruhusu mtu "azitumie kwa muda".