Swichi ya Feni Ikae Wapi? Mhadhara kwa Mafundi wa Magari, Nairobi

Karibuni mafundi, na walio nyuma sogeeni, maana baadaye kuna sufuria ya kutazama.

Mtu anang'oa feni ya rejeta inayozungushwa na mkanda wa injini, anafunga ya umeme, kisha anakwenda dukani kutafuta swichi ya joto ya kuiwasha na kuizima, anauliza: "Ninunue ya nyuzi ngapi za joto?" Swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Kwanza ujue unaikaza wapi, ndipo namba ifuate. Swichi haipimi joto la injini. Inapima joto la maji yanayogusa ncha yake, basi.

Katika injini nyingi maji hutoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, hupita themostati, mlango unaofunguka maji yakipata moto, huingia mpira wa juu, hupoa ndani ya rejeta, hutokea mpira wa chini na kurudi kwenye pampu. Barabara ikiwa wazi na upepo unapiga rejeta, mpira wa juu unaweza kuwa na nyuzi 90 na wa chini 70 kwa wakati uleule. Kwama kwenye foleni, upepo ukatike, na maji ya chini yataanza kupanda kuyafuata ya juu. Kwa hiyo swichi ya nyuzi 92 iliyoko juu na swichi ya nyuzi 92 iliyoko chini ni kazi mbili tofauti kabisa.

Tuchukue upande wa moto: nyumba ya themostati, mpira wa juu, au tangi la rejeta maji yanapoingilia. Swichi huwa na namba mbili, ya kuwasha na ya kuzima, tuseme 95 na 86. Watu hutazama ya kwanza. Mimi nawaambia tazameni ya pili. Themostati ya 82 huanza kufunguka kwenye 82, na hufunguka yote nyuzi kama 12 hivi juu ya hapo. Maji yanayotoka kwenye injini hayawezi kukaa chini ya 82, kwa sababu yakishuka themostati inajifunga. Sasa ukiweka swichi inayozima kwenye 79, umesubiri kitu ambacho themostati haitakiruhusu. Feni itazunguka kutwa, brashi za mota ziishe, altaneta ibebe mzigo bure, na mwenye gari arudi kulalamika kwamba umemuuzia feni mbovu. Kwa themostati ya 82, swichi ya 95 na 86 inafaa. Kwa themostati ya 88, hiyo 86 haifai tena. Tafuta inayozima juu ya 90.

Upande wa baridi, yaani tangi la rejeta karibu na mpira wa chini, sharti hilo halipo. Maji ya huko hushuka chini ya namba ya themostati bila shida, hivyo swichi ya 88 na 79 inawaka na kuzima vizuri. Uzuri wake mwingine ni kwamba feni huitwa pale tu rejeta inaposhindwa. Na ukizima gari, injini hupandisha joto la maji ya juu kwa dakika kadhaa. Swichi ya juu iliyounganishwa moja kwa moja na betri itawasha feni wakati pampu imesimama, feni ipoze rejeta peke yake na kula betri. Ya chini ina tabia hiyo kidogo. Ila pampu ikichoka au maji yakipungua hadi mzunguko ukatike, kule chini kunabaki kupoa huku hedi inaungua, na feni haitapata habari. Ndiyo maana sensa ya geji ya joto ya dashibodi ibaki kwenye hedi. Msing'oe sensa ya geji, wala ile ya kompyuta ya injini, ili kupata tundu la swichi. Hilo naliona ni kosa lisilo na udhuru.

Kama rejeta ina tundu la kiwandani, tumieni hilo. Kama haina, nachagua nyumba ya themostati ya chuma, upande wa injini, penye tundu lililozibwa kwa plagi. Zile sindano za kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta siziamini: zinagusa hewa kuliko maji, na mtikisiko huzifanya zisugue mirija hadi itoboke.

Popote utakapokaza, ncha izame. Kona ya juu kabisa ya tangi hukusanya hewa, na maji yakipungua lita moja tu swichi inabaki hewani. Hewa na mvuke havipashi ncha kama maji yanayotembea.

Kipande cha bomba cha alumini kinachokatizwa kwenye mpira wa juu ni kizuri, lakini kina mtego. Mpira pande zote mbili, kwa hiyo hakina ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Swichi ya pini moja, inayotegemea bodi yake kwa ethi, haitawasha chochote. Funga waya wa ethi kwenye kipande hicho, au nunua ya pini mbili. Tangi la plastiki ni vilevile. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba msiizungushe kwenye meno ya swichi ya pini moja. Inaweza kuikata ethi. Pete ya shaba (washa) inatosha.

Swichi iendeshe relei, ile swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa, isibebe feni. Feni ya ampea 20 ipewe waya wa milimita mraba 4 na fyuzi ya 30, karibu na betri.

Sasa sufuria. Swichi hii ya 95 nimeining'iniza kwa waya, ncha ndani ya maji, pini nje, mita ya umeme iko kwenye mlio, italia swichi ikiunganika. Maji yanatokota, kipimajoto kinasema 94, mita kimya. Mbovu? Hapana. Hapa Nairobi tuko juu, maji hutokota kwenye 94 hivi, hayatafika 95 hata moto uwe mkali namna gani. Mombasa yangefika 100. Tubadilishe tutumie mafuta ya kupikia, polepole. Tisini na tatu... tisini na tano, mnasikia mlio? Sasa acheni ipoe, msubiri namba ya kuzima.

Wakati tunasubiri: Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina swichi ya kinyume. Ikiwa baridi imeunganika, na hukata kwenye 93 hivi. Ukichomoa soketi yake, ufunguo wa gari ukiwa umewashwa, feni inazunguka. Ukiweka ya kawaida mahali pake, feni itazunguka asubuhi injini ikiwa baridi na kusimama inapochemka. Mlio umekatika? Kipimajoto kinasema ngapi?