Kigimbi, Kano na Hatua Zinazofupika

REHEMA: Kaka Hamisi, kuna mzee hana kisukari, presha iko sawa, lakini hatua zake zimefupika. Watu husema nguvu zimemwisha. Ni kweli?

HAMISI: Nusu yake, dada. Misuli inasinyaa, hasa nyuzi za kasi, zile za kusukuma kwa haraka. Ila tusiisahau kano ya kisigino, ule ukanda mgumu unaounganisha vigimbi na mfupa wa kisigino. Mwili ukipita juu ya unyayo, kano inavutika kama mpira wa manati, kisha kisigino kikinyanyuka inafyatuka. Kwa kijana, msuli unashikilia tu, haujikunji sana. Kano ndiyo inayorusha.

REHEMA: Na kwa mzee?

HAMISI: Kano imelegea. Ikivutwa inarefuka zaidi, kwa hiyo msuli lazima ujikunje zaidi ndipo ikaze. Msuli uliojikunja sana hauna nguvu, na kazi hiyo inakula nishati. Kwa mwendo uleule, mzee hutumia oksijeni nyingi kuliko kijana.

REHEMA: Mimi nilidhani hayo ni mambo ya moyo na mapafu.

HAMISI: Hivyo navyo vina sehemu yake, lakini mimi nasema gharama ya kila hatua. Mwaka 2000, watafiti DeVita na Hortobágyi kule Marekani waliwapima wazee na vijana wakitembea kwa kasi moja. Wazee walisukuma kidogo kwa kifundo cha mguu, wakafidia kwa nyonga. Ndiyo maana ukimtazama mzee kwa nyuma unaona kiuno kinafanya kazi kubwa.

REHEMA: Kano haijijengi upya?

HAMISI: Hapo pananigusa sana. Watafiti wa Denmark, mwaka 2013, walifuatilia kaboni ya mionzi iliyomwagwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo iliingia mwilini kwa chakula na kubaki kwenye sehemu zilizojengwa wakati huo. Wakakuta kiini cha kano ya kisigino hujengwa hadi umri wa miaka 17 hivi, kisha karibu hakibadiliki tena.

REHEMA: Basi mama zetu ndiyo basi?

HAMISI: Hapana kabisa! Kano ya mzee bado inakaza ikibebeshwa mzigo kwa miezi kadhaa. Matembezi ya jioni ni mazuri, ila mzigo wake ni mdogo. Ashike ukuta, anyanyuke kwa vidole, ashuke taratibu. Akizoea, mguu mmoja mmoja. Baadaye abebe uzito.

REHEMA: Na akisikia maumivu kisiginoni?

HAMISI: Apunguze, akaonane na daktari. Tena, dada, hili nalisema kwa msisitizo: zile sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) tunazonunua dukani bila cheti zinaweza kuchangia kano kukatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60, hasa akiwa anatumia pia dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe. Mzee akiandikiwa sipro, muulizeni daktari kama ipo dawa nyingine.