Pesa Itachelewa: Mhadhara kwa Wanaojiandaa Kufungua Biashara

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kumzuia mshereheshaji asisome ule wasifu wangu wote. La kujua kuhusu mimi ni moja tu: nimeandika hesabu za biashara ndogo za watu kwa miaka mingi, na katikati ya miaka hiyo nikafungua ya kwangu. Ikafa. Ilikufa mwaka wa tatu, ikiwa na wateja, oda ziko mezani, na vitabu vyake vinaonyesha faida. Kama hilo linakushangaza, basi hukukosea kuja leo.

Tuanze na zoezi. Chukua karatasi, andika namba kati ya 0 na 10: nafasi ya biashara yako kufanikiwa. Chini yake andika nyingine: nafasi ya mtu mwingine usiyemjua, anayefungua biashara kama yako ileile. Msioneshane.

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Marekani, Cooper, Woo na Dunkelberg, walichapisha majibu ya wafanyabiashara wapya 2,994. Asilimia 81 walijipa 7 au zaidi kati ya 10. Asilimia 33, yaani mtu mmoja katika kila watatu, walijipa 10 kamili. Kumi juu ya kumi! Walipoulizwa kuhusu biashara za wenzao zinazofanana na zao, ile imani ikashuka sana. Naona wengine wanakunja karatasi zao. Zifungueni, hakuna aibu. Mtu asiyejiamini kupita kiasi kidogo asingefungua duka hata siku moja.

Sasa hali ikoje kweli? Serikali ya Marekani hufuatilia biashara mpya mwaka hadi mwaka, na picha yake haijabadilika sana kwa muda mrefu. Karibu moja kati ya tano hufunga kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Takriban nusu hufika mwaka wa tano. Takriban theluthi moja hufika mwaka wa kumi. Nchi nyingine zitakuwa na namba zake, na kufunga si lazima iwe kufilisika, kwa sababu wapo waliouza, wapo waliostaafu, wapo waliopata ajira nzuri wakaondoka. Ila angalieni jambo moja. Wale wahamasishaji wanaosema biashara tisa kati ya kumi hufa mwaka wa kwanza wanawatisha bure, na wale wanaosema ukiwa na nia utafika wanawadanganya bure. Kufunga hakuishii mwaka wa kwanza. Kunaendelea taratibu, mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, wakati mwenye biashara ameshaanza kupumua.

Ndiyo maana leo sitawaambia kama mtafanikiwa. Hilo halina jibu asubuhi hii. Swali lenye jibu, ambalo unaweza kulifanyia hesabu usiku wa leo, ni hili: unaweza kungoja kwa muda gani?

Maana kila kitu kitachelewa. Kibali kitachelewa, fundi atachelewa, mashine itakuja na kipuri kimepungua. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mtu akipanga, huona kichwani hatua zake moja moja zikienda sawa, wala hajiulizi wenzake waliofanya jambo kama hilo walitumia muda gani. Si kosa la wafanyabiashara wadogo peke yao. Jumba la Opera la Sydney lilipangwa kumalizika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973, likiwa limemeza milioni 102. Pale palikuwa na wahandisi na serikali nzima. Wewe una kalamu na shemeji yako.

Dawa yake ni rahisi, ingawa watu hawaipendi. Tafuta watu watatu wenye biashara kama unayoitaka, walio mbali na eneo lako ili wasikuone mshindani. Usiwaulize kama biashara inalipa, watakuambia inalipa. Waulize: tangu siku uliyotoa pesa ya kwanza mpaka mwezi wa kwanza ulioweza kujilipa mwenyewe bila kukopa, ilipita miezi mingapi? Katika majibu hayo matatu chukua lile refu zaidi. Huo ndio mpango wako. Lile fupi ni la kuombea.

Hapa huwa kuna mtu ananikatiza na kusema, mbona Amazon, ile kampuni ya Marekani inayouza bidhaa mtandaoni, ilikaa miaka bila faida? Ni kweli. Ilianzishwa mwaka 1994, na mwaka wake mzima wa kwanza wenye faida ulikuwa 2003. Lakini muda wote huo ilikuwa inatumia fedha za wawekezaji, na tangu 1997 iliuza hisa sokoni. Aliyengojea hakuwa anangojea kwa pesa ya ada ya watoto. Kama kuna somo hapo, ni kwamba kungoja kuna gharama na lazima awepo wa kuilipa. Ukijifananisha na mtu, kwanza angalia nani alikuwa analipa chakula chake.

Sasa nije kwenye kifo cha biashara yangu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hesabu ilipo.

Nilikuwa nashona sare za kazi. Nitatumia namba za mfano, rahisi kukumbuka. Sema sare moja inakugharimu 60, kitambaa na ufundi, na unaiuza 100. Anakuja mteja mkubwa anataka sare 500 kila mwezi. Unaruka kwa furaha, mimi niliruka. Ili kutimiza oda ya kwanza unatoa 30,000, na unaitoa sasa hivi, maana muuza kitambaa hamjui huyo mteja wako na mafundi wanakula kila siku. Unapeleka mzigo, unaandika ankara ya 50,000. Kwenye vitabu umepata faida ya 20,000. Mkataba unasema utalipwa baada ya siku 60, lakini mteja mkubwa ana taratibu zake, karatasi ina meza zake za kupita, na kwa kawaida pesa inatoka siku ya 90 na ushee.

Mwezi wa pili unatoa 30,000 nyingine. Mwezi wa tatu, 30,000 nyingine. Hujaona hata senti. Simamisha picha hapo. Daftari linasema umetengeneza faida ya 60,000. Mfuko unasema umetoa 90,000. Na vyote viwili vinasema kweli! Bado sijagusa pango, umeme, wala mshahara wa mlinzi.

Mteja akifurahia kazi yako na kutaka sare 1,000 kwa mwezi, shimo nalo linakuwa mara mbili. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kumweleza mtu anayeanza: kukua kunakula pesa. Biashara inayodumaa unaweza kuilisha kwa kijiko. Inayokua haraka inataka sufuria, na inaitaka kabla haijakupa chochote.

Mimi nilifanya wanachofanya wengi. Nilikopa kuziba pengo, kwa riba, nikiamini malipo yako njiani. Yalikuwa njiani kweli. Yalipofika, mkopo ulikuwa umeshazaa, muuza kitambaa ameacha kunipa mali, na mafundi wangu wawili bora wameshaondoka. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sikujua kama walikuwa wanazungumza na mimi. Na ule msemo mwingine, mali bila daftari hupotea bila habari? Ya kwangu ilikuwa na daftari safi, kila usiku nililijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Ilipotea na habari nilikuwa nazo. Nilikuwa nasoma ukurasa wa faida, nikausahau ukurasa wa pesa.

Kwa hiyo ukitoka hapa chora jedwali la wiki 13. Safu moja, pesa inayoingia, kwa wiki unayotarajia *kuipokea*, si wiki uliyouza. Safu nyingine, pesa inayotoka. Chini, kilichobaki. Pale kilichobaki kinapokwenda chini ya sifuri, umeiona ajali yako miezi mitatu kabla. Ukiwa na miezi mitatu unaweza kuomba malipo ya awali, unaweza kupunguza oda, unaweza hata kukataa mteja. Ukiwa na siku tatu unaweza kukopa tu.

Ndugu mmoja hapa mbele anauliza: kwa nini nisishushe bei niuze haraka, pesa izunguke? Swali zuri, tulifanyie hesabu. Kila sare inakuachia 40. Gharama zako za kudumu, zile unazolipa uuze usiuze, tuseme ni 8,000 kwa mwezi. Basi unahitaji kuuza sare 200 ili usipate hasara wala faida. Shusha bei kwa asilimia 10 tu. Unauza 90, inabaki 30. Sasa unahitaji sare 267 kufika palepale. Umepunguza bei kwa sehemu moja ya kumi, umejiongezea kazi kwa theluthi. Na hao mafundi wa kushona hizo 67 za ziada unao? Anayeanza hudhani bei ndogo ndiyo silaha ya mdogo. Bei ndogo ni silaha ya mwenye mtaji mkubwa, anayeweza kukaa kwenye hasara mpaka wewe ufunge.

Kuhusu wateja nitasema machache. Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu, na imefilisisha watu. Kizuri kisichojulikana kinakaa rafuni kinakula vumbi. Mwezi wa kwanza utauza, kwa sababu ndugu na marafiki watakuja kukuunga mkono. Usipige hesabu za mwaka kwa mauzo ya mwezi huo. Subiri aje mtu usiyemjua, anunue kwa bei kamili, kisha arudi mara ya pili bila kuitwa. Kuanzia huyo ndipo uanze kuhesabu.

Kuna wanaofungua biashara ili wasiwe na bosi. Sitawacheka, nami nilisema hivyohivyo. Utakuwa na mabosi wengi kuliko zamani: kila mteja, mwenye pango, ofisi ya kodi, na mashine inayoharibika usiku. Sikukuu utaziona kwa mbali. Na mshahara wako ndio utakaolipwa mwisho, baada ya kila mtu. Hilo si baya, ila lazima nyumbani walijue kabla. Nimeona biashara nyingi zikila mtaji pole pole, leo ya nauli, kesho ya dawa, kwa sababu mume au mke hakuambiwa kwamba kwa mwaka mzima droo ile si ya nyumbani. Jipangie kiasi kidogo kila mwezi, kiandike, ukikichukua usirudi tena. Kama biashara haiwezi kukilipa hata hicho kidogo, bora ulione hilo kwenye karatasi kuliko kulificha ndani ya droo.

Na kwa wale waliojaa hofu kwamba wamechelewa, kwamba biashara ni ya vijana wa miaka 20: utafiti wa Marekani uliotumia kumbukumbu za mamilioni ya waanzilishi wa kampuni ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 42 hivi. Tuliache hilo lipite.

Ngoja nichukue swali la dada pale dirishani, amenyoosha mkono muda mrefu. Anauliza: nitajuaje wakati wa kuacha?

Dada, hutajua. Ukiwa ndani huwezi kujua, kwa sababu kila mwezi mbaya una sababu yake nzuri. Hivyo amua kabla hujaingia. Andika mambo mawili: kiasi cha pesa ambacho kikiisha huongezi, na tarehe ambayo kama biashara haijaanza kujilipia gharama zake unafunga au unaibadilisha kabisa. Kisha hiyo karatasi usikae nayo wewe. Mpe mtu asiyekuonea haya, asiyekula kwenye hiyo biashara.

Mimi niliandika karatasi yangu. Nilimpa dada yangu mkubwa. Tarehe ilipofika alikuja dukani nayo mkononi, akaiweka mezani bila kusema neno. Nilimwambia, dada, nipe miezi mitatu tu, malipo yako njiani. Akanipa. Ule mkopo wenye riba niliowaambia niliuchukua ndani ya miezi hiyo mitatu.

Haya, naona na yule mzee kule nyuma ana swali. Mpeni kipaza sauti.