Kabla hujanunua jiko la safari, jua kwanza gesi utaipata wapi

Haya jamani karibuni, sogeeni mbele kidogo maana huko nyuma upepo unakula sauti. Nimeombwa niongelee majiko ya kubeba safarini, na najua wengi hapa mmeshatoa viti vya nyuma kwenye Noah na Hiace zenu mmeweka vitanda, na kila tukikutana swali ni lilelile, ninunue jiko gani. Mimi nawaomba msianze na jiko. Anza na kile linachochoma, kwamba kikikuishia ukiwa Makete au Tunduru utakikuta dukani au hukikuti, ukishalijua hilo jiko litajichagua lenyewe.

Tuanze na lile wengi mnalo, lile bapa linalokuja na boksi lake la plastiki, kopo refu la gesi linalala pembeni. Kopo lile huwa na gramu 220 mpaka 230 na ndani mara nyingi ni butani tupu. Jiko lenyewe linatoa kama kilowati 2 na kidogo, ukifungua moto wote kopo moja linakwenda saa moja na dakika ishirini hivi, basi. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula kama gramu 15 mpaka 20 pakiwa pametulia, pakiwa na upepo ni zaidi sana. Kwahiyo watu wawili, wikendi, chai na mayai na tambi, hilo jiko ni zuri kabisa wala usitafute lingine, linakaa chini vizuri, sufuria haiyumbi, linajiwasha. Lakini familia ya watu watano, siku nne, wali na mchuzi na maji ya kuoga mtoto, hapo utajaza buti makopo, na makopo hayo ukitoka miji mikubwa kuyapata ni kazi.

Sasa kitu ambacho muuzaji hakwambii ni baridi. Butani inageuka kuwa mvuke kwenye nyuzi joto kama nusu chini ya sifuri, sasa nenda Kitulo mwezi wa saba, mita 2,600 juu ya bahari, asubuhi nyasi zina barafu, unawasha jiko moto unatoka mdogo halafu unakufa na ukitikisa kopo unasikia gesi imo. Imo kweli, ila imebaki maji, haipandi. Na hata kama nje ni nyuzi tano bado utasumbuka kwasababu gesi inapogeuka mvuke inalipoza kopo lenyewe, utaona mpaka jasho linaganda juu yake. Dawa ni kulala na kopo ndani ya blanketi (likiwa limetolewa kwenye jiko, tafadhali) ili asubuhi lianze na joto, au kununua yale makopo mafupi ya kufunga kwa nati ambayo yamechanganywa na isobutani au propani. Propani inapanda mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, hiyo haijui Kitulo. Msilipashe kopo motoni. Nasema hivi kwa uchungu maana nimeona watu wanafanya.

Na joto nalo lina mambo yake. Soma pembeni ya kopo, limeandikwa lisizidi nyuzi 50, halafu fikiria gari lililofungwa vioo mchana kutwa pale Dodoma juani. Makopo yakae chini, kivulini, mbali na kioo cha nyuma. Na juu ya jiko hilo usiweke sufuria pana sana inayovuka mpaka juu ya kopo, joto linarudi chini linaliunguza. Wala usiunganishe majiko mawili ya namna hiyo chini ya chuma kimoja cha kuchomea nyama.

Kwa mtu anayelala kwenye gari na kuzunguka nchi hii, mimi maoni yangu ni mtungi mdogo wa kilo 6. Najua ni mzito, ukijaa unapita kilo 12, na unachukua nafasi. Lakini fikiria unavyosafiri: Babati upo, Makambako upo, Tukuyu upo, miji ya wilaya karibu yote utakuta mtu anauza. Kilo 6 ni sawa na makopo 26 ya lile jiko bapa, na kwa bei kwa kilo hakuna ushindani hapo. Gesi yetu ya mitungi kwa kawaida ni mchanganyiko wa propani na butani, na mtungi ni mkubwa haupoi haraka, kwahiyo hata kwenye baridi unajitahidi kuliko kopo. Unaweza kufunga pleti juu yake moja kwa moja, ila huwa naogopa kimo kile na sufuria ya maji yanayochemka wakati watoto wanakimbia, bora mpira na jiko la pleti mbili la mezani. Ukibadilisha mtungi hakikisha ni kampuni ambayo regyuleta yako inaingia, na mnaovuka Namanga msitegemee kubadilishiwa upande wa pili, hata saizi hazifanani zote, huku mkubwa wa nyumbani ni kilo 15 kule ni kilo 13. Vukeni mmejaza.

Hapa kwenye mtungi ndani ya gari nisikilizeni vizuri. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka inatandaa chini ya kitanda kama maji, pale pale ulipolala. Kwahiyo kufungua dirisha la juu hakukusaidii kitu. Mtungi ukae kwenye kijikabati chake kilichozibwa upande wa ndani, chenye tundu sakafuni linalotoka nje chini ya gari, na tundu hilo lisiwe karibu na ekzosi. Usimame wima kila wakati, ukilala gesi inatoka ikiwa maji na moto unaruka ambao huwezi kuudhibiti. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio yote, mapovu yakikua kuna kuvuja, funga. Na ukimaliza kupika funga kwenye mtungi, sio kwenye pleti tu. Ile harufu mbaya mnayoisikia imewekwa makusudi maana gesi yenyewe haina harufu, ukiisikia usiku usiwashe taa wala swichi yoyote, fungua milango, toeni watu.

Lakini kuna ile ambayo haina harufu kabisa, hewa ya kaboni monoksaidi, na hii inaua watu wetu kila msimu wa baridi. Mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, anafunga madirisha, asubuhi hawaamki. Kwenye gari na hema ni mbaya zaidi kwasababu nafasi ni ndogo. Hewa hii inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na usingizi ndio unakuzuia kutoka. Mkaa uliobaki mwekundu kidogo, ule unaouona kama umekwisha, bado unaitoa. Kwahiyo jiko la aina yoyote si la kuotea moto. Pika mlango wa nyuma umefunguliwa au nje kabisa chini ya turubai, ukitaka joto nunua blanketi la pili. Na kuna vile vidude vya betri vinavyopiga kelele vikiinusa hewa hii, ukipata fedha ya kitu kimoja tu cha ziada nunua hicho kabla ya taa za mapambo.

Mengine nipite haraka. Jiko la mafuta ya taa la utambi linatoa masizi na harufu inabaki kwenye godoro, mimi nisingelibeba kwenye gari la kulala. La pampu ni jingine, lile Wasweden waliolianzisha 1892 kwa jina la Primus, lina nguvu hata kwenye baridi kali, ila linataka mtu anayelijua. Spiriti ni nyepesi na kimya, inafaa mtu wa begi mgongoni, tatizo mchana moto wake hauonekani na watu wanamimina nyingine juu yake wakidhani umezimika. Mkaa upikieni nje ufukweni, samaki wa Pangani anaustahili. Mlimani Kilimanjaro kuni haziruhusiwi, ndio maana wapagazi wanapanda na gesi.

Umeme je? Betri ya volti 12 ya saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ile ya asidi tumia nusu tu. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula kama wati-saa 110. Chai utapata, maharage hapana.

Na maharage nayo, ukipanda juu maji yanachemka mapema, Kitulo ni kwenye nyuzi kama 91, Uhuru Peak ni kama 80, kwahiyo unaona yanatokota na hayaivi, gesi inaisha. Yachemshe nyumbani uyabebe yameiva, au beba sufuria ya presha.

Upepo, Saadani ufukweni kwa mfano, kinga jiko kwa ubao au gari lenyewe, lakini kwa lile lenye kopo usilizungushie bati pande zote, kopo linapata joto linapasuka. Acha upande wa kopo wazi.

Kuna dada ameuliza kuhusu Mafia. Kwa ndege makopo hupandi nayo, iwe begi la mkononi au la chini, hata lililobaki kidogo. Nenda na jiko tupu, safi, lisilonuka gesi, na kabla hujakata tiketi mpigie unayemfikia akuulizie dukani kama kopo la aina yako lipo, asipolipata acha jiko nyumbani upikie mkaa.