Mwachano wa Basi na Basi

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokuja na kamera shingoni, asanteni kwa kunialika.

Nimekuja na daftari hili. Kurasa zake za mwanzo zimejaa namba za mabasi: namba ya ubavuni, aina ya injini, idadi ya milango, siku nilipoliona basi kwa mara ya kwanza. Wengi wenu mna daftari la namna hii nyumbani, na mnaijua raha ya kukutana na basi ambalo mlikuwa mkilisikia tu. Lakini ukifika katikati ya daftari langu, namba zinakoma. Kuanzia hapo ni saa na dakika tupu. Nataka niwaeleze kilichotokea.

Asubuhi moja nilikuwa kituoni nikisubiri basi ambalo, kwa mujibu wa ratiba, hupita kila baada ya dakika 10. Siku hiyo nikaandika muda wa kuwasili badala ya namba. La kwanza lilikuja saa moja na dakika 2. La pili, dakika ya 4. Kisha kimya. Watu wakaongezeka mpaka wengine wakasimama barabarani. Mama mmoja mbele yangu akamhamisha mtoto kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, kisha akamrudisha la kulia. Dakika ya 21 likaja basi limejaa hadi ngazini, na dakika ya 22, nyuma yake kabisa, likaja jingine lenye viti vitupu. Halafu dakika ya 45 na ya 46. Mabasi sita ndani ya saa moja, sawasawa na ahadi ya ratiba. Taarifa ya siku hiyo ofisini ingeweza kusema kwamba kila basi lilifanya kazi, na ingekuwa kweli. Yule mama naye angesema mabasi hayakuwepo, na angekuwa na haki.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilika. Tuchukue mfano mwepesi: basi moja linapita, dakika 1 baadaye linapita jingine, kisha pengo la dakika 19, na mambo yanajirudia hivyo hivyo. Katika kila dakika 20 yanapita mabasi mawili, yaani ni sawa na basi moja kila dakika 10. Kama yangepangana vizuri, abiria anayefika wakati wowote angesubiri dakika 5 kwa wastani. Lakini katika huu mpangilio mbovu, watu 19 katika kila 20 wanaangukia ndani ya lile pengo kubwa, na humo wastani wa kusubiri ni dakika 9 na nusu. Ni mmoja tu anayebahatika kuangukia kwenye ile dakika 1. Ukijumlisha wote, wastani unakuwa dakika 9 na kidogo. Hakuna basi lililoharibika wala dereva aliyekosa kuja kazini. Kusubiri kumekaribia kuongezeka maradufu kwa sababu ya mpangilio peke yake.

Hicho kilicho kati ya basi na basi nakiita mwachano. Sisi wapenzi wa usafiri tumejizoesha kulitazama basi. Nawaomba leo tuutazame mwachano, kwa kuwa abiria anaishi ndani yake.

Sasa, kwa nini mabasi hufuatana kama siafu? Nimesikia watu wakiwalaani madereva, kwamba wanapiga soga kituo cha mwisho halafu wanaondoka pamoja. Inaumiza kusikia, maana mara nyingi dereva hana kosa. Mwaka 1964 watafiti wawili, G. F. Newell na R. B. Potts, waliueleza ugonjwa huu kwa hesabu, na maelezo yao yanaingia akilini mwa mtu yeyote aliyewahi kusimama kituoni. Basi likichelewa dakika moja tu, kituo kinachofuata linakuta watu waliokusanyika kwa dakika moja zaidi. Watu zaidi maana yake ni kupandisha kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo linachelewa zaidi, na kituo cha mbele yake linakuta wengi kuliko hapo. Wakati huohuo basi la nyuma linakuta vituo vimefagiliwa, halina wa kumpakia, linakimbia, mpaka linagusana na la mbele. Kuchelewa kunazaa kuchelewa. Ndiyo maana la mbele hujaa hadi ngazini na la nyuma huwa tupu, na ndiyo maana hali hiyo haijirekebishi yenyewe. Ukiiachia, inazidi.

Mkilikubali hilo, mtaona kwamba mchezo wote umo mlangoni. Kila sekunde unayoiokoa mtu akipanda ni sekunde ambayo ule ugonjwa hautaila. Curitiba, Brazili, ilianzisha njia maalumu za mabasi mwaka 1974, lakini kwangu mimi hatua kubwa zaidi ni ya mwaka 1991, walipoweka vile vituo vya kioo vyenye umbo la bomba. Abiria analipa akiingia kwenye bomba, sakafu ya kituo iko usawa mmoja na sakafu ya basi, milango inafunguka, watu wanavuka kama wanaotoka sebuleni kwenda barazani. Hakuna kutafuta chenji dirishani kwa dereva wala ngazi ya kupanda.

Na lile basi jekundu la ghorofa la London, Routemaster, ambalo picha zake naziona kwenye fulana za wengi humu. Lilianza kubeba abiria mwaka 1956 na likaondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005. Tunalipenda kwa sura yake, na ni haki yetu. Lakini tazameni nyuma yake: hakuna mlango, ni jukwaa wazi. Kondakta anakusanya nauli basi likiwa linatembea, na dereva, aliyejitenga kwenye chumba chake mbele, hana haja ya kumsubiri mtu ahesabu sarafu. Ule uwazi wa nyuma ndio uliokuwa ukilinda mwachano. Niseme pia upande wa pili: mwenye kiti cha magurudumu hakuweza kulipanda, na hilo peke yake lilitosha kudai basi jingine. Mzigo wa wabunifu tangu hapo ni kurudisha wepesi ule bila kumwacha mtu yeyote kituoni.

Kuhusu ukubwa wa kundi la mabasi nitapita haraka, ingawa najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Hesabu ya msingi ni fupi. Kama mzunguko wa kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko ya dereva, ni dakika 100, na unataka basi kila dakika 10, unahitaji mabasi 10 barabarani. Foleni ikiongeza dakika 20 kwenye mzunguko, unahitaji 12 ili abiria apate huduma ileile. Foleni imemeza mabasi mawili mazima, na madereva wake, na mafuta yake. Kwa hiyo anayechora mstari barabarani na kuwatengea mabasi njia yao amenunua mabasi mawili kwa bei ya rangi. Juu ya hayo kuna akiba ya karakana, yaani mabasi ya ziada: Marekani, mwongozo wa serikali kuu kwa makampuni yenye mabasi 50 au zaidi ni kwamba akiba isizidi asilimia 20 ya mabasi yanayohitajika saa za msongamano. Ikipungua mno, basi moja likigoma kuwaka alfajiri, pengo linabaki wazi mchana kutwa. Shenzhen, China, iligeuza mabasi yake yote kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017, zaidi ya 16,000, na watu walishangilia betri. Mimi nilivutiwa zaidi na kazi ya kupanga nani achaji saa ngapi bila kutoboa ratiba.

Tushuke chini ya ardhi. Mtu anaweza kudhani kule hakuna foleni, kwa hiyo hakuna tatizo. Lipo, tena linapimwa kwa sekunde. Njia ya Victoria ya London hupitisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani treni kila sekunde 100. Ndani ya hizo 100 treni iingie, isimame, milango ifunguke, mamia ya watu wapishane, milango ifungwe, treni itoke, na ya nyuma ipate nafasi salama ya kuingia. Kijana mmoja akizuia mlango kwa begi lake kwa sekunde 15, treni inayofuata inasimama kwenye handaki.

New York kuna kitu kidogo ambacho napenda sana kukitazama. Katikati ya jukwaa umening'inizwa ubao wenye mistari myeusi na myeupe. Treni ikisimama, kondakta, aliye katikati ya treni, anafungua dirisha, ananyoosha kidole kuuelekezea ubao ule, ndipo afungue milango. Kidole kile kinathibitisha kwamba treni yote imekaa jukwaani na hakuna behewa lililobaki gizani. Ni tendo la sekunde moja, nalo huzuia kosa ambalo lingesimamisha njia nzima.

Na mji huohuo una kituo cha City Hall, kilichofunguliwa Oktoba 27, 1904 pamoja na njia ya kwanza, kikafungwa kwa abiria mwaka 1945. Wapenzi hubaki ndani ya treni namba 6 inapogeuka humo ili wayaone matao na vigae vyake dirishani. Mkibahatika kufika, vitazameni vigae, ni vizuri kweli. Lakini zingatieni na hili: treni inazunguka kitanzi na kurudi bila dereva kutoka kwenye chumba chake. Kwenye vituo vingi vya mwisho dereva hutembea urefu wa treni nzima kwenda upande wa pili, na treni zilizo nyuma zinamsubiri. Mara nyingi kinachoamua njia ibebe treni ngapi ni pale mwisho wa reli, panapogeuziwa.

Moscow wao kwa miaka mingi waliuweka mwachano ukutani. Mwisho wa jukwaa kulikuwa na saa iliyohesabu muda uliopita tangu treni iliyotangulia iondoke. Treni ikiondoka, saa ilirudi sifuri, ikaanza upya. Saa za msongamano hesabu hiyo ilifika sekunde 90 hivi, na taa za treni nyingine zikaonekana.

Kwenye mabasi tunaweza kufanya vivyo hivyo, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Katika kituo cha mwisho nilimkuta msimamizi wa zamu, saa mkononi, karatasi kwenye ubao wa kuandikia. Basi lilikuwa tayari kuondoka, ratiba inasema liondoke. Akamwambia dereva, "Kaka, nipe dakika nne." Abiria wawili watatu waliokwisha kupanda wakanung'unika. Yeye alijua kwamba la mbele limeondoka dakika 3 tu zilizopita na la nyuma liko dakika 17 mbali. Kwa kulizuia, 3 ikawa 7, na 17 ikawa 13. Alilizuia pale kwa sababu lilikuwa karibu tupu. Angelizuia katikati ya njia, dakika nne zake zingelipwa na watu sitini. Nikapanda basi lile. Kila kituo tulikuta watu wa kutosha viti, na hakuna aliyekuja mbio akipunga mkono.

Nyakati za safari ile ziko ukurasa wa mwisho. Daftari naliacha hapa mezani, mlipitie. Aliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu, anza wewe.